Kata Mbili za Maji ya Chai

Mama hapangi foleni. Aliwapita wagonjwa wangu wote barazani, akawasalimia mmoja mmoja kwa majina ya watoto wao, akaingia ndani, akapanda kiti cha matibabu kama anayepanda kitanda chake, kisha akafungua kitambaa cha mkononi. Ndani ya kitambaa mlikuwa na jino.

"Limetoka kwenye ndizi," akasema. "Si mfupa, si muwa. Ndizi mbivu, Apaikunda! Nimeng'ata ndizi, ndizi ikabaki na jino langu."

Nililiinua kwenye mwanga. Mimi ni daktari wa meno wa Maji ya Chai, na nasema bila haya kwamba ni daktari mzuri. Mikono yangu haitetemeki na macho yangu hayadanganyiki. Lakini jino lile lilinikalisha chini. Lilikuwa jeupe, zima, halina tundu hata la kupitisha ncha ya sindano. Mwalimu wangu angelitia kwenye chupa awaoneshe wanafunzi namna jino linavyotakiwa kuwa. Jino la namna hiyo halina sababu yoyote ya kuondoka kinywani mwa mtu.

"Liliuma?"

"Lingeuma ningekuja mapema." Akacheka, mdomo wazi, pengo jipya likiwa mbele kabisa, wala hakujali.

Kicheko hicho ndicho kisa chenyewe, kwa hiyo acha nikieleze. Maji yetu yanashuka mlimani na madini ya floraidi kupita kiasi, na mtoto anayekua akiyanywa, meno yake huota yakiwa yameshapakwa rangi. Kahawia. Mengine yana madoa, mengine yako kama kikombe cha chai kisichosuguliwa. Ukienda mjini watu wanakutazama mdomo kabla ya macho. Basi watoto wa huku hujifunza kucheka nyuma ya kiganja kabla hawajajua kusoma. Katika picha zote za Mama, kuanzia kipaimara hadi harusi yake, kuna mkono mdomoni. Nilifika utu uzima sijawahi kuyaona meno yake ya mbele yote kwa pamoja. Kisha akaja Mlinzi, akayavika meno yetu weupe, na mama yangu akaanza kucheka akiwa tayari na wajukuu.

Niliwasha jicho la kiti, kamera inayoona mpaka mfupani. Taya la Mama likachoreka ukutani, kubwa kama mlango, mfupa kwa rangi ya bluu na nyama kwa rangi ya waridi, nikalizungusha kwa kidole. Meno yalikuwa yamesimama safi, hakuna hata moja lililotoboka. Lakini chini ya fizi, kuzunguka kila mzizi, kulikuwa na ugaga, ule uchafu unaoganda ukawa mgumu kama chokaa, na kila ugaga ulipofika mfupa ulikuwa umerudi nyuma. Umewahi kuona nguzo ya uzio kando ya mto baada ya masika? Nguzo ni nzima, ardhi ndiyo iliyokwenda. Meno ya Mama yalikuwa hivyo.

"Fizi zinatoka damu?"

"Kidogo. Nikitafuna muwa, au nikiamka. Wanasema ni Mlinzi anafanya usafi."

"Wanasema akina nani?"

"Si watu, Apai! Kila mtu anatoka damu."

Hapo ndipo nilipoogopa. Sikuogopa kwa ajili ya mdomo mmoja tena.

"Mama, mara ya mwisho ulipiga mswaki lini?"

Akanitazama kwa huruma, kama ninayeulizia habari za wakoloni. "Mswaki? Na Mlinzi yumo?"

*

Mlinzi si dawa. Ni kijidudu, ndugu wa wale wanaotoboa meno, ila yeye alitiwa adabu maabara. Vijidudu wa kawaida hula sukari uliyoacha kwenye meno, wakishashiba hutoa tindikali, na tindikali ndiyo inayokula jino mpaka likawa na tundu. Mlinzi hula sukari ileile, lakini akionja tindikali hutoa kitu cha kuizima, kitu chenye tabia ya magadi. Halafu juu ya jino hutandika utando mweupe, mwembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu, na humo ndimo anamoishi na jamaa zake. Unapakwa mara moja tu, basi, umeagana na daktari wa meno. Sharti ni moja: usipige mswaki, maana mswaki unambomolea nyumba. Nchi nzima ilishangilia. Viwanda vya miswaki vikafungwa, na duka la mwisho lililokuwa nayo pale Usa, mji wa jirani, lilikuwa linaiuza kama brashi za kusafishia raba.

Na kwa kweli mjini, walikomjaribu, alifanya kazi yake vizuri. Ila hakuna aliyeuliza watu wa mlimani wanapika nini. Sisi tunatia magadi kwenye makande, kwenye maharage, kwenye kiburu cha ndizi, hata kwenye mboga za majani zikileta ukaidi. Sasa chukua magadi ya chungu uyaweke juu ya kijidudu anayetengeneza magadi yake mwenyewe. Mate yanapoteza ukali wote, chokaa iliyomo ndani yake inaganda, ugaga unaota chini ya ule weupe, na hakuna mswaki wa kuuvuruga. Fizi zinavimba, mfupa unakimbia. Juu harusi, chini msiba.

Tena sisi hatukupakwa na mtu yeyote. Kijana mmoja wa ukoo alirudi kutoka chuoni na meno yanayong'aa, akaketi kwenye sherehe ya ubatizo, akanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kata kama wenzake. Kwetu kata, kibuyu cha kunywea, ni moja. Mshili, mkuu wa ukoo, ambaye ni baba yangu, ananywa kwanza, kisha kibuyu kinazunguka mdomo kwa mdomo mpaka kinafika kwa mwenye sherehe, na anayeomba kikombe chake peke yake anaonekana ana neno moyoni. Mwezi haukuisha, ukoo mzima ulikuwa unametameta. Watu walisema ni muujiza, na mimi mwenyewe niliyekuwa na meno ya chai nilijitazama kwenye kioo nikasema asante.

Kwa hiyo niliwafungua midomo waliokuwa barazani siku ile, nikaendelea wiki nzima kwa kila aliyepita na njia. Jicho la kiti lilichora picha ileile. Wazee, vijana, mwalimu wa kwaya, mimi. Hatukuwa na tundu hata moja, na tulikuwa tunakwenda kuwa vibogoyo.

*

Dk. Kaijage ni Mhaya, na ni mtaalamu wa vijidudu, na hatakuruhusu usahau hata kimoja kati ya hivyo viwili. Tulisoma pamoja. Nilipomfuata maabara kwake Arusha nikamwonesha picha ya taya la Mama, aliivuta karibu akaikagua mzizi kwa mzizi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema mwishowe. "Wameshika wangapi?"

"Kila anayekunywa kwenye kata. Yaani kila mtu."

Akafungua jokofu, akatoa kichupa cha kimiminika kama maji ya mchele. "Huyu namwita Mfagizi. Anamla Mlinzi, hali kingine. Akimmaliza, anadumu wiki chache, kisha anakufa njaa. Wizara imeshamruhusu kwa mtu yeyote anayekubali mwenyewe."

"Na ule utando mweupe?"

"Unabomoka ndani ya siku chache. Meno yanarudia rangi yake."

"Kahawia."

"Kahawia, lakini yamo kinywani, dada yangu. Unakwangua ugaga, unawafundisha mswaki asubuhi na kabla ya kulala, unawapa uzi wa kupitisha katikati ya meno, na mfupa uliobaki unabaki. Usipofanya hivyo, mwakani utafungua duka la meno ya bandia."

"Wakiacha magadi peke yake?"

"Mwendo utapungua. Safari ni ileile. Ugaga ulioota unaita ugaga mwingine."

Nikakigeuzageuza kichupa mkononi. "Nikimtibu mmoja leo, kesho akanywa kata na mwenzake ambaye bado ana Mlinzi?"

"Mfagizi akishakufa, anampata upya. Ndiyo shida ya watu mnaokunywa chombo kimoja. Mnapona wote au hamponi." Kisha akaegemea meza, sauti ikashuka, na Kaijage hana desturi ya kunong'ona. "Lakini fikiri, Apaikunda. Mlinzi aliingiaje kwenu? Kwa kata. Basi atoke kwa kata. Mfagizi naye anapita kwenye mate. Jipake wewe mwenyewe. Si ulisema mdogo wako anaolewa? Baada ya mzee wako, kata inakuja kwa nani?"

"Kwangu. Mimi ndiye mzaliwa wa kwanza."

"Umeona? Hakuna sindano, hakuna hotuba. Kata ikimaliza kuzunguka, ukoo umepona."

"Bila kuwauliza."

"Mgonjwa haulizwi uji."

"Uji, ndiyo. Meno je?"

"Kwani Mlinzi aliwauliza?"

Nikakitia kichupa kwenye mkoba.

*

Msinione mtu wa hila. Nilianza kwa kuuliza. Niliuliza kila aliyekaa kwenye kiti changu. Binti wa mapokezi kwenye hoteli ya watalii aliniambia, "Daktari, ukiniondolea huu weupe unaniondolea kazi." Mwalimu wa kwaya alisema ameimba maisha yake yote akiwa ameinamisha kichwa, na sasa anaimba akiwa ameinua, niendelee na safari yangu. Mzee mmoja alinicheka waziwazi: meno yakimtoka atakunywa uji, lakini chai hataivaa tena mdomoni. Niliwaonesha mfupa ukutani. Waliutazama, wakaniamini, na bado wakasema hapana.

Mama sikumuuliza. Nilijua angejibu nini, na jibu hilo sikulitaka.

Basi nikaamua. Mimi si mtu wa kusitasita. Nikishaona ugonjwa na dawa, mguu wangu uko barabarani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa hawa watu ulikuwa unaanguka mbele yangu wakicheka. Nilijiambia watanichukia msimu mmoja, kisha watatafuna mahindi ya kuchoma mpaka uzeeni na kunisahau. Nilijipaka Mfagizi kwa brashi, nikakaa kimya mpaka akakauka. Halafu nikajikwangua ugaga mwenyewe mbele ya kioo, kazi ambayo simshauri mtu.

Weupe ulianza kubanduka kwenye meno ya mbele, vipande vipande kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Chini yake wakanitokea wenyeji wangu wa zamani. Nilivaa barakoa kazini na hakuna aliyeshangaa, madaktari huvaa barakoa. Nilichoshangaa mimi ni mkono. Nikivua barakoa nyumbani, jirani akisema neno la kuchekesha, mkono wa kulia ulipanda wenyewe mpaka mdomoni. Sikuwa nimeutuma. Ulikuwa umeikumbuka njia.

*

Siku ya harusi ya Anansia, mdogo wangu, ua wa nyumba yetu ulijaa mpaka kwenye migomba. Baba, Mzee Nderingo, aliketi kwenye kiti cha mshili na koti lake la sherehe, amenyooka kama anayepigwa picha. Mbege ilikuwa imeiva vizuri, harufu yake tu ilitosha kumlegeza mlokole.

Mama alikuwa upande wa akina mama, na alikuwa anacheka. Sijui nani alikuwa amesema nini. Alicheka kichwa kikiwa nyuma na mikono ikiwa mapajani, na pengo lake la ndizi likionekana hadi getini, na wenzake walikuwa wanacheka kwa sababu yeye anacheka. Akaniona nimeziba mdomo.

"Jamani njooni muone!" akapaza sauti. "Daktari wa meno anaumwa jino!"

Wakaangua kicheko wote. Nami nikacheka, nyuma ya kiganja.

Kisha Baba akanyanyua kata. Akawataja waliotutangulia, akambariki Anansia na mumewe, akanywa, akafuta sharubu, akaninyooshea. Na hapa ndipo mahali ambapo hesabu yangu yote nzuri haikuwa imefika. Kata ya mshili hupokelewa kwa mikono miwili. Hata mtoto anajua. Ningeipokea kwa mkono mmoja ningekuwa nimemtukana baba yangu mbele ya wakwe, na nikiipokea kwa miwili, hakuna wa kuziba mdomo.

Nikaipokea kwa miwili. Kibuyu kilikuwa cha baridi na kizito. Povu la mbege lilikuwa karibu na pua yangu. Ilibaki kumeza na kupitisha, basi, kazi imekwisha, na meno ya watu wote hawa yamebaki kinywani. Nikamtazama Mama. Alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko. Nikamwona kwa akili yangu wiki ijayo mbele ya kioo chake, hajui kimetokea nini, mkono wake wa kulia ukipanda.

Niliona aibu. Nasema wazi, niliona aibu iliyonichoma masikio. Mama yangu hakuwa kitoto cha kushikwa pua na kumiminiwa.

"Baba," nikasema, "sinywi mpaka niseme."

Ua mzima ukanigeukia. Nikainua uso nikawaonesha meno yangu, yote, kahawia kama yalivyoota.

"Mnayaona. Nimejitibu, Mlinzi ametoka. Ameniachia meno ya chai, lakini hayatikisiki. Ninyi mnatikisika. Nimewaonesha mifupa yenu na mnajua sisemi uongo. Dawa iko kwenye mate yangu sasa hivi. Nikinywa kata hii nikaipitisha, kila atakayekunywa baada yangu atapona, na kila atakayepona atarudia rangi hii. Ndivyo ilivyo. Sitampa mtu bila yeye kujua."

Kelele zikalipuka. Shangazi yangu mmoja alisimama akasema nimeleta ugonjwa harusini kwa mdogo wangu. Mwingine akauliza tangu lini harusi ikawa zahanati. Anansia alikuwa ananitazama chini ya shela yake, na sikuweza kusoma uso wake. Baba akanyoosha mkono mmoja tu, na watu wakakaa.

"Ulikuwa umekusudia kutunywesha kimyakimya?" akaniuliza.

"Ndiyo, Baba."

"Nini kimekuzuia?"

"Mama anacheka."

Baba yangu ni mgumu kumfurahisha, na wala sisemi kwamba alifurahi. Alisema, "Leteni kata ya pili."

Haijawahi kutokea. Nasikia hata ukoo ulipogombana kwa ajili ya mashamba, enzi za babu, watu walikunywa kata moja huku wamenuniana. Kibuyu cha pili kililetwa kutoka jikoni, kikajazwa, kikawekwa mkono wa kushoto wa Baba. Akasema anayetaka dawa ya binti yake anywe baada yangu, anayetaka kubaki na Mlinzi anywe ile ya kushoto, na asimnyooshee mwenzake kidole. Nikanywa.

Mama ndiye aliyesimama kwanza. Alinijia, akashika kidevu changu, akageuza uso wangu kwenye mwanga kama mimi ninavyowafanyia wagonjwa.

"Nikinywa yako, meno yangu yatabaki?"

"Mengi yatabaki, Mama."

"Na yatakuwa hivi?"

"Hivi. Kama yale ya zamani."

"Na nisipokunywa?"

Nilitaka sana kumdanganya. "Yatatoka. Si yote kwa mpigo. Moja moja, kama lile la ndizi."

Akatikisa kichwa taratibu, akiwaza. "Basi yatoke," akasema. "Nimeziba mdomo tangu nikiwa msichana, Apai. Nimeziba mdomo kwenye harusi yangu. Kucheka nimeanza juzi, na hunirudishi kule, wewe wala mwingine. Wale waliomleta Mlinzi hawakuniuliza. Wewe umeniuliza, nami nimekujibu. Usinune."

Akaenda kushoto, akanywa.

Sikununa. Nililia, mbele ya wakwe, daktari mzima. Tangu nizaliwe nilikuwa sijanywa kata tofauti na ya mama yangu.

Baba akamfuata Mama, kwa hatua za mshili, bila haraka. Nilipofungua mdomo akaniwahi. "Nimeishi na mama yako kabla wewe hujaota hata jino moja. Hututenganishi kwa ajili ya kijidudu. Wewe si msomi? Tafuta dawa itakayotuachia meno na weupe wetu."

Nikabaki nimesimama na kata yangu kama muuza maji aliyekosa wateja. Ndipo nikasikia shela inaburuzwa. Anansia akaja, akainyakua kata mikononi mwangu, kwa mikono miwili vilevile, akanywa funda moja refu la kuwashangaza hata walevi.

"Picha za leo zitakuwa nyeupe," akasema, akijifuta povu. "Za kesho kila mtu atajua nimetoka wapi. Mimi nataka kutafunia watoto wangu nyama." Kisha akamgeukia mumewe, ambaye alikuwa katikati ya kata mbili kama aliyepotea njia panda. "Wewe kunywa unakotaka. Ila ukinywa kule, midomo yetu haikutani."

Bwana arusi aliikimbilia kata ya mkewe. Alikunywa kwa pupa mpaka akaimwagia tai yake, na vigelegele vikapigwa pande zote mbili. Baada yake wakaja mmoja mmoja: mwalimu wa kwaya alikwenda kushoto, mke wake akaja kulia, wakaagana katikati ya ua kwa kupeana mikono. Binti wa mapokezi alinipita bila kunitazama. Yule mzee wa uji, niliyedhani namjua, alisimama mbele yangu muda mrefu, akaguna, akanywa.

*

Sasa kwetu kuna kata mbili kwenye kila sherehe, na wapo wanaosema nimeupasua ukoo. Labda ni kweli. Kulia tunaongezeka, si kwa kasi niliyoitaka, na wengi wanahama siku wanapomeza jino pamoja na tonge. Miswaki yote ya lile duka la Usa niliinunua. Kaijage ananipigia kila mara kunikumbusha kwamba kwa njia yake kazi ingekwisha kwa siku moja. Namjibu kwamba naijua hesabu, nilikuwa nimeshika kibuyu.

Mama huja kila Ijumaa, hapangi foleni. Ameacha magadi, na Baba analalamika kwamba makande yanaiva jioni. Kwa Mlinzi alivyo, siwezi kusugua meno yake yote. Nasugua kwenye fizi tu, kisha nakwangua ugaga chini kwa mkono, polepole, weupe nauacha ulipo. Yamemtoka mengine mawili tangu harusi. Kaijage na mimi tunatafuta Mlinzi asiyeota ugaga, na tutampata. Nasema tutampata kwa sababu ninajua kazi yangu. Kama tutampata Mama akiwa bado na meno, hilo sijui.

Ijumaa hii iliyopita ugaga ulikuwa nyuma kabisa, kwenye magego, na Mama hafungui mdomo vya kutosha akiambiwa afungue. Kwa hiyo nikamsimulia habari za mwalimu wa kwaya na mke wake, wanaokula meza mbili kama wakwe. Akaangua kicheko. Mdomo ukafunguka mpaka nikaona kila kitu, nikaingiza chombo, nikafika nilikotaka.

"Cheka na wewe," akasema, na chombo changu kikiwa mdomoni mwake, maneno yakatoka yamevimba. "Unanisimulia huku umekaza uso kama hakimu."

Nilihisi mkono wa kulia unataka kupanda. Lakini ulikuwa umeshika chombo, na wa kushoto ulikuwa umeshika shavu la mama yangu, na kazi ilikuwa haijaisha. Nikacheka hivyohivyo, mdomo wazi, juu ya uso wake, na yeye akanitazama meno yangu yote.